Taa ya Kupimia

Juni, na Juni yetu huku Chubut
ni ya baridi inayopasua ndoo.
Pikapu ya Anselmo, Fodi ya sitini na nane,
inazungusha stata kama mtu anayekohoa
bila kutema kitu.
Nimejaribu mara nne. Mara ya tano
betri ikaanza kunung'unika, nikaiacha.

Kondoo mia tatu wako bonde la pili,
theluji imewafika magoti,
na marobota ya nyasi yako hapa, nyuma ya pikapu,
yamefungwa kamba vizuri,
hayaendi popote.

Ezequiel yuko Comodoro kwenye visima vya mafuta.
Redioni sauti yake inakatikakatika:
Mama, uza. Mama, chuma hicho kimekufa.
Namjibu, kilichokufa hakinuki petroli.
Plagi nimezitazama, zimelowa.
Hewa ndiyo usiseme, upepo wa hapa
utakulisha mchanga na mdomo umeufumba.
Kinachokosekana ni moto.

Naivua plagi ya kwanza, naichomeka kwenye waya wake,
nailaza juu ya injini, chuma kwa chuma.
Mtoto wa Cayupán anapiga stata,
miguu yake haifiki chini.
Naikingia jua kwa kofia, nainama.
Baina ya ncha mbili, nafasi nyembamba kuliko ukucha,
hakuna kitu.
Tena, namwambia.
Hakuna kitu.

Taa ya kupimia aliitengeneza Anselmo:
balbu ya taa ya nyuma, nyaya mbili, msumari.
Alinifundisha mwaka ule alipovunjika mkono,
kwa hasira kidogo, kama alivyofundisha kila kitu:
Usiulize gari lina nini.
Uliza umeme umefika wapi.

Haya. Umefika wapi?

Swichi wazi. Msumari kwenye chanya ya koili:
taa yawaka, hafifu, lakini yawaka.
Basi swichi haina kosa,
wala ule waya mwekundu
niliousingizia tangu alfajiri.

Msumari kwenye hasi: giza.
Piga stata, mtoto! Giza vilevile,
na hapo ndipo taa ilipaswa kupepesa,
platini zikifumba na kufumbua.

Nachomoa waya uendao kwenye distribyuta.
Naugusa tena upande uleule wa hasi.
Taa yawaka.
Nikacheka peke yangu, mtoto akaniangalia.
Koili nzima! Umeme ulikuwa unafika,
ila unavujia kwenye mwili wa gari
kabla kazi haijaanza,
kama mshahara wa mkata manyoya
mwenye deni dukani.

Kofia ya distribyuta ina klipu mbili,
moja imekaza, ya pili imekaza na kutu.
Rota safi. Platini zinafunguka, zinafunga,
adabu zote.
Chini yake, pale waya unapoingia,
kitambaa cha kijivu, kimezungushwa, kimefungwa fundo.
Soksi.
Soksi yake Anselmo, gundi na uzi wa kushonea magunia,
fundo lile lile alilofungia mageti.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo ilikuwa imelika upande mmoja,
na shaba, uchi, imelalia ukingo wa bati.

Nilikaa kidogo.
Mtoto akauliza kama nimepata.
Nimepata, nikasema, ngoja.

Kisha nikakata fundo.
Utepe ulikuwa umeganda, haushiki,
nikaupasha moto kwenye chupa ya chai ya mate,
nikauzungusha mara saba, nikaubana kwa meno.
Soksi nikaitia mfukoni, na mafuta yake.

Kofia ikarudi. Waya ukarudi.
Plagi juu ya injini, mara moja tu, kwa kuhakikisha:
cheche, buluu, kali,
na mlio wake mdogo kama ulimi ukigonga kaakaa.

Injini ilishika kwa kishindo, kuku wakatawanyika.
Nikaizima. Nikaiwasha tena.
Hakukuwa na haja, nilitaka tu kusikia.

Bonde la pili tulifika saa tisa.
Kondoo kumi na mmoja tuliwakuta wamelala, hawakuinuka.
Wengine walikula.
Spana namba kumi niliiacha mahali fulani juu ya injini,
na mpaka leo sijaiona.